Kinywa cha Mama Kamali

Asubuhi za Hidaya zilianzia chini ya kitanda. Kabla moto wa jiko haujashika, yeye alikuwa ameshapiga magoti, mkono mmoja umezama gizani, anatafuta kiatu. Si chake. Ni kiatu cha mtoto wake Kamaldine, cha mguu wa kushoto, ambacho jana jioni kililazwa mlangoni pamoja na mwenzake na leo kimehama. Kuna siku kilipatikana ndani ya sufuria. Kuna siku kilipatikana juu ya paa la jiko, na hakuna aliyejua kilipandaje. Na ukimwuliza mtoto mwenyewe, anakutazama kwa macho safi kabisa, anashangaa pamoja nawe, halafu anaanza kukusaidia kutafuta, halafu anaona mjusi ukutani, na kutafuta kumekwisha. Hadanganyi. Kweli hajui. Hilo ndilo lililomchosha Hidaya kuliko kiatu: kukosa mtu wa kumkasirikia.

Kabambare yote ilimjua kwa jina la Mama Kamali. Aliuza mikate ya mchele kando ya njia iendayo sokoni. Mume wake Faradji alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, na sauti yake ilifika nyumbani siku ambazo mtandao uliamua kuwa na huruma. Nyumbani walikuwa watatu tu: Hidaya, Kamaldine wa miaka tisa, na Bibi Nuru, mama yake Faradji, ambaye miguu yake ilikuwa imezeeka lakini masikio na ulimi bado vilikuwa vijana.

Watoto wa mtaa walimwita Kamaldine "Tukutuku", kama pikipiki, maana hata akisimama, kitu fulani ndani yake kilikuwa kinaunguruma. Chuoni, kwa maalimu, alishika sura haraka kuliko wakubwa zake, lakini alizisoma akiwa amesimama kwa mguu mmoja, au akizunguka nguzo. "Kichwa cha huyu ni kizuri," alisema maalimu, "ila makalio yake hayajafundishwa mukeka." Maalimu huyo huyo alimwandikia kombe, aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mtoto akanywa. Akanywa yote. Kisha akaikimbiza ile sahani kama gurudumu hadi ikavunjika.

Yote hayo Hidaya aliyabeba. Kilichomshinda ni shule. Karibu kila siku, kabla ya kengele ya mapumziko, alisikia mkoba ukiburutwa kwenye mawe, akajua bila kugeuka.

"Mama, mwalimu amesema nirudi nyumbani."

"Umefanya nini?"

"Sijui. Nilikuwa naangalia nyigu."

Mwisho direkta wa shule akamwita. Aliitwa Ibrahim, mtu mwembamba ambaye shati lake lilikuwa na chaki hata siku ya Ijumaa. Hakumkaripia. Hidaya angependa amkaripie, angalau angepata la kujibu.

"Mama Kamali, mimi simuchukii mutoto wako. Lakini angalia hii darasa. Watoto wamejaa sawa muchele ndani ya gunia, na yeye anatoboa gunia. Nenda kwa waganga wa hospitali. Leta karatasi. Kama iko mugonjwa, tujue ginsi ya kumushika. Kama haiko mugonjwa, basi ni utundu, na utundu mimi nimeuchoka. Likizo ikiisha, bila karatasi, asirudi."

Basi Hidaya akaanza kazi ya kuitafuta karatasi hiyo.

Kwenye kituo cha afya alikaa kwenye benchi pamoja na wamama wenye watoto wa moto mwilini, na wa kwake peke yake ndiye aliyekuwa anapanda na kushuka benchi. Wamama wakamtazama: huyu mzima amekuja kufanya nini? Kwanza mtoto akachomwa kidole apimwe malaria. Hana. Akapewa dawa ya minyoo. Akaambiwa arudi. Akarudi, akachomwa kidole tena, kwa sababu pale kila mtoto anaingilia mlango wa malaria, hata kama amevunjika mguu. Hana. Akamulikwa masikio. Anasikia vizuri, tena anasikia mno: alisikia mpaka sindano ikianguka chumba cha pili, akakimbia kwenda kuiangalia.

Mkuu wa kituo alikuwa Muzaliwa, muuguzi mwenye ndevu za mvi. Hapo ndipo alipoiweka kalamu chini.

"Mama Kamali, umekuja mara mingi. Huyu hana homa. Una shida gani naye, hasa?"

"Hapana shida, munganga. Direkta ndiye anataka karatasi."

Muzaliwa akafanya kitu ambacho Hidaya hakukitegemea: siku iliyofuata alikwenda mwenyewe shuleni, akakaa kwenye dawati la nyuma, magoti yamemfika kidevuni, akatazama darasa asubuhi nzima. Aliporudi aliandika karatasi ya kumhamishia mtoto Kasongo.

"Kule, hospitali ya serikali, kuna muuguzi wa mambo ya kichwa. Mama Dorothée. Ni yeye anapimaka watoto wa namna hii, siye mimi. Ya masomo, ya kule shuleni, nimeandika. Ya nyumbani utamwambia wewe."

"Mimi?"

"Na nani mwingine? Wewe ni mama yake."

Hidaya akapokea karatasi, akashukuru, na njiani maneno hayo yakamwingia polepole kama maji kwenye kiatu.

Jioni hiyo Bibi Nuru alimwita kwenye mkeka wake.

"Nimesikia unapeleka mjukuu wangu Kasongo. Vizuri. Lakini usiende kumusema kwa watu. Unamukumbuka Musafiri?"

Nani asingemkumbuka? Musafiri alikuwa kijana wa nyumba ya tatu. Mama yake, siku moja tu, kwa hasira ya chungu kilichovunjika, alimwambia: "Wewe ni mupotevu." Mwaka haukuisha. Kijana alikwenda machimboni na hakuna aliyesikia tena habari zake, wala kaburi lake. Mama yule alipiga kinywa chake kwa mkono wake mwenyewe mpaka kikavimba.

"Kinywa cha mama ni wino," alisema Bibi Nuru. "Mutu mwingine akisema, ni upepo. Mama akisema, imeandikwa."

Hidaya hakuhitaji kuambiwa. Aliinywa habari hiyo pamoja na maziwa. Katika nyumba kama zao, ukiulizwa "watoto?" unajibu "alhamdulillah", hata kama mmoja yuko mgongoni anatetemeka kwa homa. Huo si uongo. Ni sitara, ni kumfunika mtoto kwa maneno kama unavyomfunika kwa nguo. Miaka yote tisa, pamoja na viatu vyote na sahani zote, hakuwahi kutamka ubaya mmoja juu ya Kamaldine. Alikuwa na uchovu mwingi, lakini kinywa chake kilikuwa safi.

Wakaondoka kwa pikipiki ya Josué, kijana wa Bukavu aliyekuwa akibeba wachimbaji wa Salamabila na kuwaimbia nyimbo za kanisa njia nzima. Kamaldine aliwekwa katikati, na Hidaya akamfunga kwake kwa kitambaa cha kikwembe, kiuno kwa kiuno.

"Hii ni nini?"

"Ni klachi, mudogo wangu."

"Ukiiachia?"

"Tunaenda."

"Na hii?"

"Mama," Josué alipaza sauti bila kugeuka, "huyu mutoto akifika Kasongo atakuwa makanika, na mimi nitakuwa nimepoteza sauti!"

Njia ilikuwa matope juu ya matope. Penye madimbwi walishuka, Josué akasukuma, Hidaya akasukuma, na Kamaldine akatoweka vichakani kumfuata kaa. Walilala njiani, Wamaza, kwa watu wa dini yao, wakaondoka tena alfajiri, na walipoingia Kasongo mgongo wa Hidaya ulikuwa umekuwa ubao.

Walifikia kwa Aicha, dada yake Faradji. Asubuhi wakaenda hospitali. Kwenye mlango wa kwanza wakaulizwa: "Iko na homa?" Hana. Wakaelekezwa mlango wa pili. Mlango wa pili ukasema Mama Dorothée yuko Kindu kwenye mafunzo, mrudi Jumanne. Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi magharibi, na Kasongo ikinyesha namna hiyo hata wagonjwa wanaahirisha ugonjwa. Mrudi kesho.

Katika kungoja huko, Kamaldine aliifungua redio ya Aicha aone watu wadogo wamekaa wapi. Akawafungulia bata waliofungwa kwa ajili ya karamu ya walima ya Ijumaa, kwa sababu, alisema, walikuwa wanaongea. Aicha, ambaye alikuwa na watoto sita na kicheko kikubwa, alisimama katikati ya ua akiwa ameshika mabawa mawili.

"Wifi, nikuulize. Huyu mutoto wako ni watoto wangapi?"

"Ni mumoja, alhamdulillah."

"Mumoja! Wangu sita nimewahesabu wamelala. Wako mumoja simupati hata akisimama mbele yangu."

Hidaya alicheka kwa adabu, akaendelea kufukuza bata.

Siku yenyewe ilipofika, alifanya kile ambacho mama yeyote wa kwao angefanya. Humpeleki mtoto mbele ya mkubwa akiwa na vumbi, wala tabia yake haiendi na vumbi. Alimwamsha kabla ya adhana. Akamwogesha, akamsugua visigino kwa jiwe, akamvalisha kanzu na kofia ya Idi. Halafu, ili miguu ile iishiwe na fujo, akamtembeza. Wakashuka mpaka mashamba ya mpunga, wakapanda, wakazunguka soko lote, wakapita misikiti yote miwili ya njia ile, wakarudi kwa njia ndefu. Njia nzima alikuwa akimwambia: "Mbele ya munganga unakaa. Mikono kwa magoti. Unajibu, unanyamaza. Usinitie aibu, babangu." Walipofika benchi la hospitali, Kamaldine alikuwa anapepesuka kwa usingizi, na Hidaya mwenyewe miguu ilikuwa inawaka, lakini moyoni alifurahi. Mtoto alipendeza. Alikuwa kama mtoto wa mtu mwingine.

Dorothée alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa Mkristo, mtu wa Bukavu, lakini aliwaitikia salamu kamili kabisa, maana alikuwa ameishi Kasongo vya kutosha.

"Kamaldine, jambo."

"Jambo, munganga."

Mikono kwa magoti. Alipewa tarakimu azirudie, akazirudia kwa mwayo. Akaambiwa achore nyumba, akachora mlango na dirisha moja, halafu kichwa kikaanza kuinama. Dorothée akamlaza kwenye mkeka wa pembeni, na kabla hajamaliza kumnyoosha miguu, mtoto alikuwa amekwisha kulala.

"Mutoto mupole," alisema.

"Alhamdulillah," alisema Hidaya.

"Sasa wewe, mama. Nyumbani, ukimutuma mahali, anafika?"

Hidaya alimwona Kamaldine akienda kununua chumvi saa za asubuhi na kurudi alasiri akiwa na kobe. Chumvi hapana. Pesa hapana.

"Anafika, alhamdulillah."

"Wakati wa kula, anakaa mpaka mwisho?"

Tonge moja mlangoni, tonge moja uani, tonge moja juu ya mti wa mpera.

"Anakula muzuri, alhamdulillah."

"Anapoteza vitu?"

Hidaya akatazama magoti yake mwenyewe chini ya kitenge, yenye sugu nyeusi za sakafu.

"Watoto wote wanapoteza."

"Mukimupa kazi, kama kufukuza ndege shambani, anaimaliza?"

Msimu uliopita alimfukuza ndege mmoja tu, kwa uaminifu mkubwa, mpaka mtoni na ng'ambo ya mto, na ndege wengine wakabaki wakala mpunga kwa raha zao.

"Anajaribu, munganga. Ni mutoto muzuri."

Dorothée akaivua miwani, akaiacha ining'inie.

"Mama, sikia. Niko na karatasi ya Muzaliwa, ya masomo. Ile anaandika ni nzito. Kuna kitu, kwa Kifaransa wanaita te-de-a-ash. Mutoto anazaliwa nayo. Si jini, si malezi mabaya, si utundu. Kichwa chake ni shamba ya mupunga isiyo na mulinzi: kila ndege inatua. Lakini shamba ile anaibeba kila mahali. Kama iko nayo, iko nayo masomoni na iko nayo nyumbani. Sasa mimi namuona hapa iko mupole, na wewe unaniambia nyumbani hapana shida hata moja. Basi haiko ile. Shida iko kwa masomo. Nitaandika haiko."

Kalamu ikainuka.

Haiko. Hidaya alilisikia neno hilo likitoka Kasongo, likipita Wamaza, likivuka madimbwi yote, likifika mezani kwa direkta Ibrahim. Haiko mgonjwa. Basi ni utundu. Asirudi. Na baada ya hapo? Mtoto wa miaka tisa asiye na shule, mwepesi wa miguu, anayependa kujua kila kitu kinakwenda wapi. Salamabila haiko mbali kwa mtoto wa namna hiyo. Mashimo ya kule yanawapenda wadogo, kwa sababu wanapita.

Alitaka kusema. Alifungua mdomo, na ulimi ukalala chini kama mbuzi aliyekataa kamba. Alimwona Bibi Nuru. Alimwona mama yake Musafiri na midomo yake iliyovimba. Akifunga kinywa, mtoto anapotea. Akikifungua, anampoteza yeye mwenyewe, kwa wino wake. Akaona bora waende. Akasimama, akainama kumwinua Kamaldine, na magoti yake, yale yaliyotembea tangu kabla ya adhana, yakakataa. Alirudi kwenye kiti kwa kishindo, mtoto nusu mkekani nusu mapajani.

"Mama! Uko mugonjwa?"

"Siko mugonjwa," alisema Hidaya. "Nimechoka."

Akalisikia neno likitoka. Akamtazama haraka mtoto. Hakuna kilichomgusa. Alikuwa anapumua, kofia imemwangukia nyusi, mate kidogo pembeni ya mdomo. Neno lile halikuwa lake. Lilikuwa la mama yake peke yake.

"Umechoka na safari," alisema Dorothée.

"Safari?" Hidaya nusura acheke. "Munganga, kwenye safari nilipumzika. Nilikuwa nimemufunga kwangu na kikwembe. Saa zote nilijua iko wapi. Ile ndiyo ilikuwa likizo yangu."

Kalamu ya Dorothée ilibaki hewani.

"Ya mutoto mimi sisemi," Hidaya aliendelea, taratibu, kama mtu anayejaribu daraja la miti kwa mguu mmoja. "Mutoto wangu ni muzuri, Mungu amulinde. Lakini ya kwangu, hiyo ninaweza kusema. Ya kwangu ni mwili wangu."

"Sema ya kwako, mama."

"Mimi asubui ninaamkia chini ya kitanda. Ninatafutaka kiatu."

"Kila asubui?"

"Kila asubui ya Mungu. Mimi nikituma mutu kununua chumvi, ninaweka sufuria, halafu ninatoa sufuria, ninajifunga, ninaenda mwenyewe kuitafuta chumvi na yule niliyemutuma. Mimi sijakaa kula chakula cha moto tangu sijui lini, ninakula nikizunguka. Nikikaanga mikate ninakaanga na mukono mumoja, wa pili unashika shati. Sokoni sinunui kwa macho yangu, macho yangu yana kazi ingine. Nikiswali, sijdah yangu ni fupi sawa ya muizi, kwa sababu nikishusha uso sijui nikiinua nitakuta nini. Neno moja ninalisema mpaka linakosa maana. Vaa, vaa, vaa, vaa. Nikilala, mwili unalala, masikio hayalali."

Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Yalitoka bila kilio, makavu, kama mtu anayeshusha mizigo kichwani mmoja mmoja.

Dorothée alikuwa ameshaanza kuandika, na Hidaya akaona kwamba maswali yamegeuka. Sasa yalikuwa yanamjia yeye.

"Tangu lini wewe unatafutaka kiatu?"

"Tangu alipojua kutem..." Hidaya akajikata. "Tangu mimi nilipojua kutafuta. Kama miaka sita, saba."

"Na sababu ya nini unatafuta? Nani anakipoteza?"

"Sisemi."

"Sawa. Usiseme," alisema Dorothée, na mdomo wake ukacheza kidogo. "Nimekaa Kasongo siku mingi, mama. Hapa watoto wote ni alhamdulillah. Na huu mukono?"

Kwenye mkono wa kulia wa Hidaya, kutoka kiwiko mpaka kifundo, ngozi ilikuwa nyororo na yenye kung'aa, kama imepakwa.

"Mafuta ya moto. Niliweka mukono kati."

"Kati ya mafuta na nini?"

Hidaya akaivuta kofia ya Kamaldine, akamfunika nayo sikio. Dorothée aliushika ule mkono, akaugeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha, akaurudisha ulipokuwa. Kisha akaandika kwa muda mrefu.

Ilikuwa ni hapo Kamaldine alipofungua macho. Hakuamka kama watu wanavyoamka, kwa vipande. Aliamka wote kwa mara moja. "Mama, ile waya inaenda wapi?" Kabla hajajibiwa alikuwa ameshapanda kiti, ameshafuata waya mpaka dirishani, ameshaona mbuzi nje, ameshashuka, na kipimo cha moyo cha munganga kilikuwa masikioni mwake kikisikiliza mguu wa meza.

"Karibu, Kamaldine," alisema Dorothée. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Hidaya akainuka kumvuta. Dorothée akamwonyesha kwa kiganja akae. Wakakaa. Wakamtazama. Muda mfupi tu, lakini kwa Hidaya kilikuwa kitu kigeni kabisa duniani: kumtazama mtoto wake akifanya anavyofanya, pamoja na mtu mwingine, na mtu huyo hakunji uso.

Karatasi haikuwa ndefu. Dorothée aliisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, ingawa ilikuwa ya Kifaransa. Ana te-de-a-ash. Asifukuzwe. Akae mbele, mbali na dirisha. Apewe kazi fupi fupi, neno moja kwa wakati mmoja. Akianza kuchemka, atumwe kufuta ubao au kuchota maji, halafu arudi. Asichapwe kwa hilo.

"Na dawa?" aliuliza Hidaya.

"Dawa zake ziko duniani, mama. Hapa hazijafika. Sitakudanganya. Haitaisha kesho, na wewe utaendelea kuchoka. Murudi kwangu kiangazi kikiisha, tuangalie."

Hidaya akaikunja karatasi, halafu akasita. "Hili jina umeliandika. Limemushika sasa?"

"Nani amelitamka?"

"Wewe."

"Basi ni kinywa changu. Cha kwako kilisema umechoka tu. Nilikuwa hapa, nimesikia."

Kurudi Kabambare hakukuwa kufupi kuliko kwenda. Josué aliimba, matope yalikuwa pale pale. Bibi Nuru aliwangojea mkekani, akamkagua mjukuu wake kichwa mpaka kidole kama mtu anayekagua chungu kilichoazimwa.

"Ulisema nini kule?"

"Nilisema nimechoka."

"Basi?"

"Basi, mavyaa. Ni hilo tu."

Kikongwe alitafuna shavu lake. "Eh," alisema mwishowe. "Hilo ni kweli. Hilo hata mimi naona." Na akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi.

Siku ya kufunguliwa kwa shule Hidaya alipiga magoti, akapata viatu vyote viwili, akampeleka mwenyewe. Direkta Ibrahim aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena, akajikuna shingo yenye chaki. Hakuonekana mtu aliyefurahi. Alionekana mtu aliyeongezewa kazi.

"Mbele, mbali na dirisha," alisema. "Na ubao atafuta mpaka uishe." Akapumua. "Aingie."

Kamaldine aliingia. Hidaya akashika njia ya nyumbani, na hakuwa amefika mbali alipokiona kimelala katikati ya njia, cha mguu wa kushoto, kimeelekea shuleni kwa uaminifu. Alikiokota. Alifikiri kurudi. Miguu haikufikiri hivyo. Akakaa chini ya ukuta wa shule, upande wa kivuli, kiatu mapajani, kwa dakika moja tu, akatega sikio kwa ule mlio wa mkoba ukiburutwa kwenye mawe.

Usingizi ukamchukua hapo hapo, kichwa ukutani, mdomo wazi. Kilichomwamsha ni kengele ya mapumziko. Watoto walimwagika uani wakipiga kelele, wote kwa mara moja, na katikati ya kelele hizo akasikia: "Tukutuku! Tukutuku, leta hapa!" Njia iliyokuwa mbele yake ilikuwa tupu. Hakuna mkoba. Hidaya alikishika kiatu vizuri, akafumba macho tena.